Jina Lililokuwa Chini ya Rangi

Mlinialika niseme maneno mawili siku ya kufungua maonyesho yenu ya sanaa pale Pasiansi. Nikasimama, nikapewa kipaza sauti, nikakirudisha bila kusema kitu. Nikasikia mmoja wenu ananong'ona kwamba bibi ameona haya. Haya gani? Nilikuwa na hasira, na mimi nikikasirika mbele za watu sauti haitoki. Sasa nimetulia nyumbani kwangu, hasira bado ipo, na sauti imerudi. Nisikilizeni.

Mmefuta jina la mtoto wa mtu. Mmelibandua kwa dawa, mkapangusa kwa matambara, mkatupa matambara yale sijui wapi, kisha mkachora juu yake picha ya mwanamke na kuandika kwa herufi kubwa: MIMI NI NANI? Mnauliza hivyo juu ya tranka la Kabula, ambaye alishajibu swali hilo kabla nyinyi hamjazaliwa!

Najua mtasema tranka ni bati tu. Ngojeni.

Kwa asiyenijua, naitwa Kokushubira, wengi wananiita Koku. Ni Mhaya niliyekuja Mwanza kwa ndoa. Ndoa haikudumu, kazi ikadumu. Nilipaka rangi na kuandika majina kwenye matranka, yale masanduku ya bati anayobeba mtoto akienda shule ya bweni na bibi harusi akienda kwa mumewe. Nilifanya kazi hiyo katika karakana moja ya Mirongo, mpaka vidole vikaanza kutetemeka, nikaona bora niache kabla sijaharibu jina la mtu.

Karakana ilikuwa ya Mzee Kanji. Na kabla hamjaanza kuniigizia Kiswahili cha Wahindi wa kwenye vichekesho, jueni kwamba Mzee Kanji alizaliwa Mirongo, na baba yake alizaliwa Mirongo, na Kisukuma alikisema mpaka wachuuzi wanawake wa Magu wakawa wanasahau kuondoka. Mimi ndiye niliyekuwa mgeni pale. Yeye ndiye alikuwa ananitafsiria wateja.

Siku ya kwanza alinipa bati jipya, linang'aa, akaniambia nipake. Nikapaka. Likapendeza sana. Baada ya wiki akalikunja kidogo tu, rangi yote ikatoka kama ganda la yai lililochemshwa. Akacheka peke yake. "Bati likiwa linang'aa halijakukubali," akaniambia. Ndipo akanifundisha: osha kwa siki, au sugua kwa majivu na limau, suuza, anika juani mpaka ule mng'ao ufe. Hapo rangi itashika. Nimewaona nyinyi mnapulizia rangi ya kopo juu ya bati bichi halafu mnapiga picha haraka haraka. Mnafanya vizuri kupiga picha haraka, maana mwezi ujao hamtakuwa na cha kupiga.

Jambo la pili ni wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda kutoka majini kama moshi na kuingia mpaka kwenye chai. Nilikuwa bado mwanafunzi nilipotoa nje tranka la bibi harusi, rangi ya njano bado mbichi, nikaenda kula. Niliporudi halikuwa la njano tena. Wadudu walikuwa wamelala juu yake kila mahali, na nilipojaribu kuwafuta nikawasaga. Nikalia. Mzee Kanji akaja, akatazama, akasema, "Huyu ataolewa na ziwa zima." Akanikataza kugusa mpaka rangi ikauke kabisa, ndipo tukawapangusa wadudu kwa brashi kavu, tukapiga msasa, tukaanza upya. Tangu siku ile nikiona kiwingu cheusi juu ya maji, hata kama niko kanisani, nafikiria rangi mbichi.

Lakini kulikuwa na utaratibu mmoja pale karakana ambao ndio nataka mkae nao kichwani. Tuliuita kuacha pindo.

Mtu anabadilika, na tranka lake linabadilika naye. Binti anaanza na la buluu, limeandikwa jina lake na la baba yake, kwa ajili ya shule. Akiolewa linapakwa njano. Akizaa linapakwa kijani na jina la mtoto wa kwanza: Mama Fulani. Akifiwa na mume, akianza biashara, akichaguliwa kiongozi wa kwaya, anakuja kuchagua rangi yake mwenyewe. Sasa, rangi mpya hatukuifikisha ukingoni. Tuliacha upana wa kidole wa rangi ya zamani, kila mara, kwa hiyo kifuniko cha mwanamke aliyeishi sana kilikuwa na mapindo yanayofuatana, buluu nje kabisa, kisha njano, kisha kijani, kwenda ndani. Wanawake wakitembeleana waliangalia ukingo wa tranka kabla hata ya kuangalia shuka. Hawakuja kwetu kusema "nipakie rangi." Walisema, "Koku, niongezee pindo."

Na Mzee Kanji alikuwa na sharti: mwenye tranka ndiye anayeagiza, na awepo. Kuna mwanamke alijifunza kuendesha lori, akaja tukamwongezea pindo jekundu na tukamwandika DEREVA. Mumewe akaja na tranka kichwani anatokwa na povu, anataka lile neno litoke. Mzee Kanji alikuwa anakunja bati, hakuinua hata kichwa. "Mlete mwenyewe," akasema. Yule bwana akarudi na tranka lake kichwani vilevile, jua la saa saba, DEREVA akisomeka barabara nzima. Nilicheka mpaka brashi ikanidondoka.

Haya, tuje kwa Wasukuma na mapacha wao. Hapa ndipo nilipochomwa vibaya. Kwetu Bukoba tuna majina yetu ya mapacha, lakini ya hapa sikuyajua utaratibu wake. Mama mmoja akaleta tranka, anataka la kijani, ana mapacha, Kulwa na Doto. Mimi nikaona DOTO ni fupi, herufi nne, linakaa vizuri katikati ya kifuniko. Nikamwandika MAMA DOTO, nikaweka na maua. Alipoliona alipiga kelele watu wakatoka madukani. "Unaniulia mtoto? Kulwa wangu nimemweka wapi?"

Mzee Kanji akanivuta pembeni akanieleza. Kulwa ndiye anayetoka kwanza, Doto anafuata. Mama anaitwa kwa wa kwanza. Ukisikia Mama Doto na Kulwa hatajwi, mtu anashtuka na kujiuliza yuko wapi. Nikalifuta lile jina na maua yake, na sikurudia kosa hilo maisha yangu yote.

Ndiyo maana nilielewa haraka siku Kabula alipoletwa.

Kabula nilimjua tangu tranka lake la buluu. Nililiandika mimi, KABULA MASANJA, alipokuwa anakwenda sekondari, binti mrefu anayecheka kwa pua. La njano nikaliandika mimi. La kijani nikaliandika mimi, MAMA KULWA, na siku hiyo alikuja na mapacha wote wawili, mmoja mgongoni, mmoja kifuani, akaniambia nizirudie herufi zinenepe, zionekane mpaka ng'ambo. Nikazipaka mara tatu. Zilisimama juu ya bati kama zimeshonwa.

Kulwa alifariki kwa homa kabla hajaanza shule. Siwezi kueleza zaidi ya hapo, na Kabula hajawahi kunieleza zaidi ya hapo.

Miezi kadhaa baadaye baba mkwe wake akaja karakana. Alikuwa mzee mwenye ng'ombe na heshima zake, na sharti la Mzee Kanji alilijua, kwa hiyo alimleta Kabula pamoja na tranka. Akasema jina lile lifutwe, liandikwe MAMA DOTO. Akasema nyumba nzima sasa inamwita hivyo, na Kulwa asitajwe tena, maana mama akiamka kila siku na kulisoma jina la marehemu hatapona, na mtoto aliyebaki anahitaji mama mzima. Hakusema kwa ukali. Nadhani aliamini anachosema. Lakini nilipandwa na hasira hadi masikio yakaziba. Unamwambia mwanamke aliyebeba watoto wawili tumboni kwamba sasa alizaa mmoja? Na hata ukitaka kuficha, unafichaje? Nani hapa Usukumani anasikia jina la Doto asiulize Kulwa yuko wapi? Kila wakimwita mtoto aje kula wanamtaja na marehemu!

Mzee Kanji akamuuliza Kabula, "Mama, wewe unasemaje?"

Kabula alikuwa mlangoni, anatazama chini. Akatingisha kichwa kukubali. Sharti lilikuwa limetimizwa na hatukuwa na la kufanya.

Jioni, baba mkwe akiwa ameshakwenda stendi kutafuta gari, Kabula akarudi peke yake. Alisimama karibu nami kama anayechagua rangi. "Koku," akasema, "usikwangue."

Ni lazima niwaeleze alichoomba. Ukitaka kuandika juu ya jina la zamani, unalikwangua na kulipiga msasa kwanza, libaki bapa, ndipo unapaka. Usipokwangua, herufi za zamani zinabaki zimesimama chini ya rangi mpya. Jicho halizioni ukipaka vizuri. Lakini kiganja kinazipata. Kwa fundi hiyo ni kazi mbaya, ni aibu.

Sikukwangua. Nilipaka kijani juu ya kijani, taratibu, nikaandika MAMA DOTO chini kidogo, kwa herufi nyembamba, mbali na zile za zamani. Asubuhi Mzee Kanji akapita anakagua, kama kawaida yake, akaburuza kiganja juu ya kifuniko. Huyu alikuwa mtu wa kurudisha kazi kwa sababu ya punje moja ya mchanga.

"Ina vinundu," akasema.

"Ndiyo, mzee."

Akaburuza tena kiganja, safari hii polepole, kutoka M mpaka A ya mwisho. "Iende," akasema, akaenda kunywa chai.

Tangu siku ile watu wote walimwita Mama Doto. Majirani, kanisani, sokoni Mwaloni alikouza dagaa, wote. Mimi nilikataa. Nilimwita Kabula, kwa sababu lile alilolitaka sikuruhusiwa na hilo jingine sikulitaka. Aliniambia mara moja tu, tukiwa tunamenya mihogo, kwamba kila anapofungua tranka kutoa kitenge anapitisha mkono juu. Nikaendelea kumenya.

Sasa nirudi kwenu.

Siyo kwamba sioni mnachofanya. Neema, wewe uliyenialika, nimeziona zile sufuria zako ulizozichora, moja ya dada, moja ya mke, moja ya bosi wa saluni, zote zimeungua chini kwa namna tofauti. Nilisimama pale muda mrefu. Ule mwiko uliouvalisha tai ulinifanya nicheke, nikamkumbuka yule mwanamke wa lori. Mnachotafuta nakijua: mtu ni yuleyule na si yuleyule, na vitu vyake vya nyumbani vinajua. Sisi tulikuwa tunakifanya kwa rangi ya mafuta, hatukukiita sanaa. Hilo halinikeri. Kinachonikera ni kwamba mlikuta kitu kimeshasemwa, mkakiona ni uchafu.

Nilipofika kwenye lile tranka nikaona ukingo wake umelainika, hauna pindo hata moja, bati tupu kuizunguka picha yenu. Nikalijua kwa bawaba, maana nilizigongomelea mimi. Nikamuuliza Neema limetoka wapi.

"Kaka mmoja hapa hapa Pasiansi alitupa, bibi. Anaitwa Doto. Alikuwa anasafisha stoo. Lilikuwa na rangi nyingi zimejipanga hovyo, na juu lina vinundu, kama aliyelipaka hakujua kazi. Tukalisafisha vizuri."

Kama aliyelipaka hakujua kazi! Ndipo nikapewa kipaza sauti. Mnashangaa nilinyamaza?

Nilimpigia Kabula simu. Siku hizi anaishi Sengerema kwa mdogo wake, analima shamba lake mwenyewe, tranka alikuwa amemwachia Doto alitunze mpaka nyumba anayoijenga huko imalizike. Nikamwambia. Akasema atakuja.

Akaja kwa kivuko siku ya tatu, amevaa kitenge kilichopigwa pasi. Doto alikwenda kumpokea, na alipofika ukumbini alikuwa anamshikia mkoba na kumwonyesha vitu kwa fahari, mtu mzima mwenye kitambi, mwalimu wa watu. Neema akapiga goti akaamkia, akawapeleka mbele ya tranka. Nilikuwa nyuma yao na maneno yangu yote nimeyapanga.

Kabula akaitazama ile picha. "Mzuri," akasema. "Ni nani?"

"Ni mwanamke yeyote, bibi," Neema akajibu.

Kabula akaweka kiganja juu ya kifuniko, kona ya kushoto, akakiburuza hadi kona ya kulia. Akakirudisha. Akaanza tena juu kidogo, kama mtu anayetafuta swichi ya taa gizani. Hata Neema alielewa kuna jambo, maana alianza kurudi nyuma.

"Mama, vipi?" Doto akauliza.

"Mwenzako alikuwa hapa," Kabula akasema.

Doto hakuelewa, akanitazama mimi. Nikamweleza. Nilimweleza yote, babu yake, mlango wa karakana, msasa ambao sikuupiga, na nilimweleza kwa ukali kwa sababu sikuwa na namna nyingine. Yule mtu mzima akakaa sakafuni. Akasema kila anakokwenda watu wanamuuliza Kulwa yuko wapi, tangu shuleni, na yeye hujibu haraka kwamba alifariki na kubadilisha mazungumzo. "Nyumbani sikuwahi kuuliza, mama. Nilijua hutaki."

"Nani alikwambia sitaki?"

Mimi nilijua ni babu yake, lakini huyo tulishamzika.

Neema akawa analia. Akasema wataitoa picha leo leo, bibi Koku anaweza kuandika upya, wazi, kwa herufi kubwa, wao watanunua rangi. Alisema kwa nia njema, na huo ni ukweli. Vidole vyangu hivi nilikuwa tayari kuvifunga kwa kitambaa visitetemeke. Kabula akamwinulia mkono anyamaze.

"Hayo baadaye," akasema. "Doto, simama. Niamkie."

"Shikamoo, mama."

"Hivyo unaniamkia kila siku. Niamkie kama mtu wa nje. Niite jina."

Doto akafuta uso kwa mkono wa shati. "Shikamoo, Mama Doto."

"Wewe ulizaliwa wa pili."

Watu waliokuwa wanaangalia sufuria walikuwa wameacha kuangalia. Nilimwona Doto anavuta pumzi, na jina lilipotoka lilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, ukumbi mzima ukasikia.

"Shikamoo, Mama Kulwa."

"Marahaba," Kabula akaitikia. Hakulia. Alikuwa bado ameweka kiganja juu ya lile bati laini.

"Tena," akasema.